Nondo za Juu

Kazi yangu ni kusukuma kimashine juu ya zege mchana kutwa, huku wapita njia wakiniuliza kama natafuta madini. Kimashine chenyewe kina ukubwa wa pasi ya mkaa, magurudumu manne chini, kioo juu. Ukikipitisha polepole ukutani au sakafuni kinaona nondo zilizomo ndani ya zege: ziko ngapi, zimepita wapi, zimezama kiasi gani. Mimi nashika ramani ya jengo, nalinganisha. Ramani inasema hivi, zege linasema vile, naandika. Basi. Wanaonitania kwamba napiga pasi sakafu nimeshawazoea, ingawa kuna siku nawajibu vibaya, maana mdomo wangu hauna breki.

Jengo ninalotaka kulisema liko Kariakoo, la ghorofa nne, limebanana na wenzake mpaka huoni pa kupitisha mkono. Injinia wetu aliponitajia mtaa nilijua papo hapo ninapelekwa wapi. Nilipaswa kumwambia, "Bosi, hilo jengo nondo zake kafunga baba yangu mzazi, mtume mtu mwingine." Sikusema. Nikajiambia kwamba kazi ni kazi, nondo hazina ukoo, na upuuzi mwingine wa namna hiyo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuziona. Nilikuwa mtoto mdogo baba aliponipeleka pale, jengo likiwa bado limeshikwa na mirunda, ile miti ya kuegemezea zege, akanisimamisha ng'ambo ya barabara akasema, "Mama, mle ndani mna mikono ya baba yako." Alikuwa ndiyo kwanza amefanywa mkubwa wa mafundi nondo. Mtu katoka kusini na nguo aliyovaa, leo anaamrisha wenzake kumi kwenye ghorofa la Kariakoo. Wewe ungemkataza asijivune?

Shida yenyewe ilikuwa kibaraza cha ghorofa ya kwanza. Kilikuwa kimetokeza juu ya njia ya waenda kwa miguu, hakina nguzo hata moja chini yake. Kilijengwa watu wasimame jioni wapunge upepo, lakini Kariakoo nani ana nafasi ya kupungia upepo? Mwenye nyumba alikizungushia vioo, akakipangisha kwa mafundi cherehani. Nilikuta wanawake wanane na vyerehani vinane, meza ya kukatia, na marobota ya vitenge yamepangwa mpaka nusu ya dirisha. Chini yake, kwenye kivuli, machinga walikuwa wametandika mabegi na viatu, na watu wanapita bega kwa bega.

Mkubwa wa wale mafundi alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe mpima ufa?"

"Ndiyo mimi."

"Basi pima. Tumeuziba na simenti nyeupe, umerudi. Tumeuziba tena, umerudi. Mimi nimeshawaambia hawa, huu ufa umetumwa."

Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka. Ufa wenyewe ulipita pale pale kibaraza kinapoachana na jengo, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, umenyooka. Unyoofu ule sikuupenda.

Niseme kidogo, ili mtu asinifuate gizani. Nyoosha mkono wako mbele, halafu mtu akutundikie ndoo ya maji kiganjani. Utasikia panavutika wapi? Juu ya bega. Kibaraza kisicho na nguzo ni vivyo hivyo, kinavutika upande wa juu, kwa hiyo nondo zake kubwa lazima zikae juu, karibu kabisa na uso wa sakafu. Zikikaa chini ni kama hazimo. Kinachobaki kushikilia ni zege tupu, na zege tupu ukilivuta linakatika, tena halikupi taarifa.

Ramani tuliyopewa na mwenye nyumba ilikuwa imeliwa na mchwa pembeni, lakini pale kwenye kibaraza ilisomeka vizuri: nondo za milimita kumi na mbili, upande wa juu, sentimita tatu kutoka usoni. Tukasogeza marobota mawili. Nikachora mistari ya chaki kwenye vigae, nikapiga magoti, nikaanza kusukuma. Kila nondo inajitokeza kwenye kioo kama kilima kidogo. Ikiwa juu, kilima kiko juu. Vilima vyangu vyote vilikuwa chini kabisa ya kioo.

Nikazima, nikawasha. Nikaenda kukijaribu kimashine kwenye ngazi nione kama kinaumwa. Hakiumwi. Nikarudi nikapima tena mstari kwa mstari. Idadi ya nondo sawasawa na ramani. Nafasi kati ya moja na nyingine sawasawa, kazi safi ambayo kwa kweli sijaikuta kwenye majengo mengi mapya. Ila zote zilikuwa sentimita kumi na mbili kwenda chini, na kibaraza kizima unene wake ni kumi na tano. Nikashuka, nikaomba machinga wanisogezee mabegi, nikapanda ngazi nikapima kwa chini. Sentimita tatu. Nikatoboa kishimo kidogo kuhakikisha, na chuma kikaonekana hapo hapo.

Nilikasirika, tena vibaya. Mama fundi alinipungia soda pale juu, nikamwambia sina kiu kwa sauti ambayo hakustahili. Nilimkasirikia baba. Fundi anayelaza nondo za kibaraza chini hajui kazi, na mimi miaka yote hiyo nimekuwa nikimtaja kwa watu kama ndiye aliyenifundisha kupenda kazi hii. Nikawaambia wanawake wale wasiongeze mzigo, wahamishe marobota yaende ndani, majibu yanakuja kwa maandishi. Nikaondoka bila kuaga vizuri.

Nyumbani kwetu ni Ilala. Baba miguu yake inavimba siku hizi, kwa hiyo anashinda kwenye kiti mlangoni, ameinyoosha juu ya stuli. Asubuhi, kwa kimbelembele changu, nilikuwa nimemwambia ninakokwenda. Nilipofika nikakuta amenyoa ndevu. Hakunyoa kwa ajili ya mgeni wala msikiti. Alinyoa kwa ajili ya majibu.

"Haya mama, nipe habari. Nondo zangu zinasemaje?"

Nikamwuliza, "Baba, za kile kibaraza ulizifunga juu au chini?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Kibaraza? Juu! Ukifunga chini si umeua watu? Nilizinyanyua kwa vijiguu vya chuma, nikafunga kila makutano kwa mkono wangu, sikumwachia mtu. Mkaguzi alipita akasaini, hakusema neno."

"Na siku ya kumwaga zege ulikuwepo?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Siku ya zege fundi nondo anatafuta nini pale? Nilivaa shati langu safi asubuhi, mkaguzi akamaliza, nikaenda zangu. Nikae nimwagiwe uji wa simenti na wabeba karai?"

Na hapo nikaelewa. Ndivyo ilivyokuwa kwao, na sehemu nyingi ndivyo ilivyo hadi leo. Mafundi nondo wako kivyao, watu wa zege wako kivyao. Fundi nondo akishafunga na kukaguliwa, heshima yake ni kuondoka msafi. Kubaki siku ya zege ni kujishusha. Watu wa zege nao wanakuja arobaini, hamsini, kazi ya kumaliza na kusepa, wamejipanga mstari na makarai vichwani, wanaimba, wanakimbizana na jua. Ili ufike ukingoni mwa kibaraza unapita wapi? Juu ya nondo. Unakanyaga kwenda, unakanyaga kurudi, mzigo kichwani, tangu asubuhi. Vijiguu vinalala kimoja kimoja. Zege linapofika ukingoni, nondo za juu zimeshakuwa za chini, na pale hakuna hata mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuinama azinyanyue. Hakuna mwizi, hakuna mlevi. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri.

Hasira ikaniishia, na ningeomba ibaki, kwa sababu ilipoondoka nilibaki na huruma, na huruma ndiyo iliyonifanya mjinga.

"Kwa hiyo ziko sawa?" baba akauliza.

"Ziko sawa, baba."

"Nilijua," akasema, akaomba chakula. Alikula sahani nzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda.

Kwenye karatasi sikudanganya, hilo nalisema wazi. Asubuhi yake niliandika kila sentimita kama ilivyokuwa, na injinia wetu alipoisoma alivua miwani. Siku hiyo hiyo barua ikaenda kwa mwenye nyumba: kibaraza kihamwe mara moja, njia ya chini ifungwe, mirunda isimamishwe mpaka kitakapovunjwa. Bandiko likawekwa mlangoni. Machinga walisukumwa wakasogea hatua chache, kama kawaida yao, wakiwa tayari kurudi. Mafundi cherehani wakaanza kuhamisha vyerehani kwenda kwenye korido ya ndani, wakilalamika kwamba korido ina giza na wateja hawatawaona. Mirunda ilikuwa ije kesho yake.

Kesho yake nilikuwa kazini Upanga simu ikaita. Injinia. Kwa kawaida huanza na "mambo, vipi". Siku hiyo hakuanza na kitu.

"Dada, nipo Kariakoo na watu wa mirunda. Kuna mzee kakaa kwenye kiti katikati ya kibaraza, anasema ni baba yako. Anasema wewe umemwambia kibaraza ni kizima. Mafundi wamerudisha vyerehani vyote. Bandiko wamelichana. Nimewaomba watoke, wananicheka. Njoo sasa hivi."

Nilichukua bodaboda, na pale Msimbazi foleni ilipokaza nikashuka nikakimbia, kati ya mikokoteni na wabeba marobota, watu wananiambia "dada taratibu", sijui nimewagonga wangapi. Njia nzima nilikuwa nasema kwa sauti, usianguke, usianguke, usianguke. Nilikuwa nakiambia kibaraza.

Kumbe baba, kwa furaha ya yale majibu niliyompa, alikuwa ameita bajaji akaenda kulitazama jengo lake. Miguu ile ambayo haimfikishi hata dukani ilipanda ngazi za ghorofa. Akamkuta yule mama fundi amekaa nyuma ya cherehani kwenye korido, analia. Wakasalimiana, wakagundua kwao ni jirani kule kusini, vijiji viwili tofauti, na baba akauliza kinachomliza. Akamwonyesha bandiko. Baba akacheka. Akamwambia hayo ni makaratasi ya watu wa ofisini, kibaraza hiki nimekifunga mimi, na aliyekipima ni binti yangu wa kumzaa, juzi kaniambia kwa mdomo wake kiko sawa. Nani asingemwamini? Mzee, mstaarabu, wa kwao, anataja na milimita.

Nilipofika mlangoni niliwakuta hivyo: vyerehani vinanguruma, baba kiti cha katikati, shati safi, soda mkononi, na wanawake wanane wanamsikiliza. Marobota yamerudi dirishani. Mimi niko upande wa ndani wa ufa, wao wote wako upande wa pili. Ufa ulikuwa umeongezeka. Kidole changu kidogo kingeingia.

"Huyu hapa!" baba akasema. "Mwulizeni mwenyewe."

Vyerehani vikanyamaza.

"Baba, tokeni hapo. Nyote. Polepole, msikimbie, acheni vyerehani."

"Mama, waeleze kwanza, hawa watu wamesumbuliwa."

"Baba, nilikudanganya."

Nimewahi kusema maneno mengi mabaya kwa watu wengi, na nimeeleza kwamba mdomo wangu hauna breki. Lakini hayo mawili yalitoka kwa shida kuliko yote.

"Ziko chini, baba. Zote ziko chini."

"Nilizifunga juu."

"Najua ulizifunga juu. Watu wa zege walizikanyaga. Hakukuwa na mtu wa kuzinyanyua."

Hakunitazama. Aliitazama sakafu katikati ya viatu vyake. Nilimwona akiielewa, maana ni fundi, haikuhitaji kimashine wala ramani. Naapa alizeeka mbele ya macho yangu, na walioona ni watu wanane ambao dakika moja nyuma walikuwa wakimwita baba na wao.

Mama fundi ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alivuka ufa akaja akasimama karibu yangu, pumzi yake nikaisikia usoni.

"Mwanangu," akasema, wala hakupaza sauti, "ulimdanganya baba yako asiumie, ndiyo tufe sisi?"

"Ndiyo, mama," nikasema. Na jibu lile lilikuwa la kweli.

Wakatoka mmoja mmoja, wengine wakilia, mmoja amekumbatia kitenge cha mteja. Baba nilimwita, akakataa. Akasema atatoka wa mwisho. Kuinuka kwenye kiti kulimchukua muda, na injinia alitaka kuingia kumchukua, nikamshika shati, kwa sababu uzito wa mtu mmoja zaidi pale sikuutaka. Nikanyoosha mkono kwa baba. Hakuushika. Alishika fremu ya mlango, akauvuka ufa kwa kunyanyua mguu juu kupita kiasi, kama anamvuka mtu aliyelala.

Kibaraza hakikuanguka. Mirunda ilisimamishwa mchana ule, na baada ya siku chache mafundi ujenzi wakakikata, wakakishusha vipande vipande. Mtu hakuumia. Watu huniambia nimshukuru Mungu, na ninamshukuru, lakini shukrani yangu haina raha. Mama fundi alihamia mtaa wa pili. Nikimwamkia anapokea, maana ana adabu, ila lile neno "mwanangu" halitamki tena. Injinia hakunifukuza. Aliniambia kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko angefoka, kwamba karatasi yangu ilisema kweli na mdomo wangu ukasema uongo, na watu hawasomi karatasi. Nilimkubalia.

Baba alinyamaza siku nyingi. Aliniambia maji, akaniambia dawa, basi. Chakula alikigusagusa. Nilimwomba radhi mara tatu, na mara zote alisema nimekusamehe kwa sauti ya mtu anayejibu hodi huku akili yake iko kwingine. Nilidhani anaomboleza jina lake. Nilidhani hivyo kwa sababu ndilo nililokuwa nimelilinda mimi.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nachambua mchele uani, akaniita.

"Chukua daftari na kalamu, mama."

Nilifikiri ni wosia. Nikakaa chini karibu na stuli yake, nikafungua daftari, nikaanza kulia kabla hajasema kitu.

"Usilie, andika," akasema. Akafumba macho. "Ilala, nyuma ya soko, ghorofa mbili, chini pana duka la vioo. Kibaraza kiko upande wa barabara."

Nikaandika.

"Msimbazi, la kona. Vibaraza viwili, kimoja juu ya kingine."

Nikaandika. Nikaelewa ninachokiandika.

"Baba, ulizifunga vizuri. Si wewe uliyezikanyaga."

"Mimi ndiye niliyeondoka. Andika."

Alikwenda hivyo, mtaa kwa mtaa, akisimama muda mrefu katikati, akikumbuka rangi ya mlango, mti uliokuwepo, muuza kahawa aliyekaa pale. Mara nyingine alirudi nyuma akasema hapana, hilo lifute, siku ile mvua ilinizuia, nilibaki mpaka zege likaisha. Hayo ya kufuta yalikuwa mawili tu. Nilipofika la tisa nilifikiri amelala.

"Na shule," akasema.

Nikamwuliza ipi, akanitajia, na mtu yeyote wa Ilala anaijua. Ina madarasa juu, na nje ya madarasa hayo kuna kibaraza kirefu kisicho na nguzo hata moja.

"Watoto wanapita juu yake au chini yake?" nikamwuliza.

"Kote kote, mama," akasema.